"Haina Sukari" Haimaanishi Haina Wanga

Wiki hii nimewekewa mezani, kwa mara nyingine, pakiti ya chokoleti iliyoandikwa "haina sukari", na mwenye nayo akaniuliza kwa nini glukosi yake (sukari ya damu) imepanda ilhali anafuata mlo wa wanga kidogo bila kukosea. Niliigeuza pakiti, nikamwonyesha kiambato cha kwanza: maltitoli. Nimechoka kulieleza jambo hili, lakini nitalieleza tena kwa sababu linawaponza watu wenye bidii.

Maltitoli ni alkoholi ya sukari (aina ya kiongeza utamu, si kileo) ambayo sehemu yake kubwa humeng'enywa na kufyonzwa. Fahirisi yake ya glisemia, yaani kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha glukosi, ni takriban 35, wakati ya sukari ya kawaida ni takriban 65. Eritritoli nayo ni alkoholi ya sukari, lakini karibu yote inayofyonzwa hutoka na mkojo bila kutumika, na gramu moja ina kilokalori 0.2 tu. Kuziondoa zote mbili katika hesabu ya wanga, kana kwamba ni kitu kimoja, ndilo kosa linalonikera kuliko yote. Mimi huondoa katika hesabu eritritoli yote na nusu tu ya maltitoli, na hata nusu hiyo ni makadirio, kwani nimeona watu wawili wakila kiasi kilekile, glukosi ya mmoja ikapanda na ya mwenzake ikatulia.

Stevia na sukralosi, viongeza utamu vingine, zenyewe hazipandishi glukosi. Hata hivyo, sukralosi ni tamu takriban mara 600 kuliko sukari, kwa hiyo ili poda yake ijaze kijiko huchanganywa na maltodekstrini au dekstrosi, aina za wanga ambazo hupandisha glukosi haraka kuliko sukari yenyewe. Chagua sukralosi ya matone. Asali ni sukari: kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 17 za wanga.

Wala siipendekezi eritritoli kwa moyo mweupe kama zamani. Utafiti wa mwaka 2023 uliihusisha eritritoli nyingi katika damu na mshtuko wa moyo na kiharusi; mwili pia huitengeneza wenyewe, hivyo haikuthibitishwa kwamba eritritoli inayoliwa ndiyo chanzo, lakini kwa mgonjwa wa moyo sasa nashauri kiasi kidogo.

Mwenye chokoleti nimemwomba apime glukosi kabla ya kula vipande viwili, apime tena saa moja baadaye, kisha aniletee namba zote mbili.