Si Kila Mwani Hufa kwa Njaa

Kila ninapoonyeshwa picha ya tangi la maji ya chumvi lililofunikwa na ute wa kahawia, mwenye tangi huwa ameshapewa jibu: virutubisho vimezidi, kwa hiyo apunguze chakula cha samaki, aongeze kifyonza fosfeti na abadilishe maji mara nyingi zaidi. Jibu hilo linaufaa mwani wa nywele wa kawaida. Kwa dinoflajelati, viumbe wadogo wa seli moja ambao nao hufanya ute wa kahawia, mara nyingi ndilo linaloongeza madhara, na inaniuma kuona konokono wakifa na matumbawe yakipauka katika matangi ambayo vipimo vyake vya naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyoulisha mwani, vimekwisha kushuka hadi sifuri.

Sifuri hiyo haijitoshelezi kama ushahidi. Tangi lililojaa mwani wa nywele linaweza kusoma sifuri kwa sababu mwani wenyewe umekwisha kuvinyonya virutubisho vyote, ilhali tangi la dinoflajelati husoma sifuri kwa sababu kweli hakuna kitu majini. Katika hali hii ya pili, wanaodhoofika kwanza ni mwani wa kijani na bakteria wanaogombea nafasi juu ya mawe na mchanga. Dinoflajelati wengi hawaishi kwa mwanga na virutubisho vilivyoyeyuka tu, bali humeza pia bakteria na chembe nyingine, na kwa hiyo anayeendelea kulinyima tangi chakula anawaondoa washindani wao. Mimi hushauri kinyume chake: samaki walishwe, kifyonza fosfeti kitolewe, naitreti iachwe ipande hadi miligramu 5 au 10 kwa lita na fosfeti hadi karibu 0.1, na mabadiliko ya maji yasimame kwa muda.

Lakini kwanza lazima ijulikane ni kiumbe gani, na rangi peke yake haitoshi. Diatomu wa tangi jipya, yaani mwani wa seli moja unaojijengea ganda kwa silika (madini ya mchanga yaliyoyeyuka majini), huisha wenyewe silika ikipungua. Sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea, huchunika kama utando. Dinoflajelati hufanya nyuzi za ute zenye viputo, hupungua usiku na kurudi kufikia mchana. Chota ute kidogo, utikise katika chupa hadi utawanyike, uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha uyaache maji yaliyochujwa chini ya mwanga kwa saa moja. Yakifanya ute upya, shuku dinoflajelati.

Baada ya hapo ni hadubini, kwa ukuzaji wa mara 400, na sikubali kisingizio chochote cha kuiruka hatua hii. Dinoflajelati wawili wa kutofautisha ni Ostreopsis na Amphidinium. Ostreopsis ana umbo la mbegu ya tikiti na huzunguka mahali pamoja kana kwamba amefungwa kwenye ncha yake. Amphidinium ni bapa, wa mviringo, mwenye kidomo kidogo mbele, naye huteleza. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba. Ostreopsis huyaacha mawe usiku na kuelea, kwa hiyo taa ya miali ya urujuanimno humwangamiza akipitishwa ndani yake. Amphidinium hubaki mchangani na taa hiyo haimfikii kamwe. Kwake wengi wetu huongeza silika ili diatomu wautwae mchanga, na lazima niseme kwamba matokeo yake hayatabiriki: kuna matangi yanayosafika, na mengine hubaki ya kahawia kwa miezi.

Ostreopsis asichezewe. Mwaka 2005, huko Genoa nchini Italia, mlipuko wa Ostreopsis ovata uliwafanya watu wapatao 200 waliokuwa ufukweni kuhitaji matibabu kwa homa, kikohozi na shida ya kupumua. Vaa glavu, na usianzishe mpira wa kunyonya maji kwa mdomo.

Bryopsis, ule mwani wa kijani wenye umbo la unyoya, ni mfano mwingine. Hauogopi njaa, lakini flukonazoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvu, huumaliza mara nyingi kwa miligramu 5 hivi kwa kila lita, mradi mkaa wa kuchujia umetolewa. Dawa hiyo huzuia kuvu kutengeneza ergosteroli, kiungo cha utando wa seli zake. Maelezo ya kwa nini inaugusa Bryopsis bado ni ya kukisia, na katika baadhi ya matangi mwani huo hurudi baada ya miezi michache. Hata hivyo ningeitumia kabla ya kuyanyima matumbawe chakula kwa msimu mzima.