Ngazi tatu zinadai mita 5.4

Wanafunzi wa sekondari wanaoingia kwenye darasa langu la miradi ya uhandisi kwa mara ya kwanza huwa wameshaamua watakachotengeneza: roboti, droni, au programu ya simu. Sijawahi kumpata hata mmoja aliyekuja na tatizo. Wote huja na jibu mkononi, ndipo waanze kulitafutia swali.

Ndiyo maana wiki tatu za mwanzo hakuna kugusa msumeno wala kompyuta. Tunakwenda kwa mteja. Anaweza kuwa zahanati, maktaba, kituo cha wazee au shule ya chekechea, ilimradi ni watu wenye shida ya kweli ambao tutakutana nao tena na tena. Neno "mteja" nalishikilia kwa makusudi. Tukishasema "wahitaji", mwanafunzi anajiona mfadhili, na mfadhili hakuna anayemwuliza kwa nini kazi yake imepinda. Mteja ana haki ya kuikataa kazi, na mimi huwaambia mapema kwamba akiikataa, hilo nalo linaingia kwenye alama.

Wazo hili sikulibuni mimi. Mwaka 1995, Edward Coyle na Leah Jamieson wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walianzisha mpango wa EPICS, ambamo timu za wanafunzi hufanya miradi ya uhandisi kwa ajili ya mashirika ya huduma za jamii. Kilichonivuta zaidi ni ule utaratibu wao wa muda. Timu ina wageni na wazoefu pamoja, na mradi unaweza kuvuka mihula mingi, hawa wanahitimu na wale wanaingia, wakati mteja ni yuleyule. Mwaka 2005 Coyle, Jamieson na mwenzao William Oakes walipata Tuzo ya Gordon, tuzo ya Marekani ya ubunifu katika elimu ya uhandisi, kwa kazi hiyo. Baadaye mpango ukashuka hadi sekondari, na mwaka 2009 IEEE, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi, ikaanzisha mpango wake unaowaunganisha wanafunzi wa vyuo na wa sekondari kwenye miradi ya namna hii.

Sasa nieleze mradi mmoja, maana humo ndimo somo lote lilimo.

Maktaba moja ndogo ilikuwa na ngazi tatu mlangoni, kila moja sentimita 15. Mzee mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alikuwa akisomea nje, vitabu analetewa. Wanafunzi wanne walipima, wakarudi na mchoro siku ya pili: rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, ya kupanda sentimita 45 ndani ya mlalo wa mita 1.5. Imechorwa vizuri, ina hata kivuli.

Sikuwaambia kwamba wamekosea. Niliwauliza tu: yule mzee na kiti chake, tuseme kilo 90, atajisukuma kwa nguvu kiasi gani? Wakatoa kalamu. Kwenye mteremko wao, bila kuhesabu msuguano, inahitajika nguvu ya takriban nyutoni 254. Ni sawa na kuinua mzigo wa kilo 26, na anayeuinua ni mtu aliyekaa, anategemea mabega tu, na akiachia anarudi kinyumenyume. Kipimo kinachotumika sana kwa rampu za viti vya magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za mlalo. Hapo nguvu inashuka hadi nyutoni 73 hivi.

Binti mmoja akasimamisha kalamu. "Lakini mwalimu, kazi si ileile?" Ni ileile kabisa, nguvu mara umbali: karibu juli 400 kwa rampu zote mbili. Rampu haimpunguzii mtu kazi, inamgawia vipande vidogo vidogo. Mteremko na nguvu zake walikuwa wamefundishwa kwenye fizikia mwaka mzima kabla ya hapo, na mtihani wakafaulu. Siku ile ndiyo walielewa walichofaulu.

Ila sentimita 45 mara 12 ni mita 5.4, na kutoka mlangoni hadi kwenye uzio kulikuwa na mita 4.5 tu. Walikaa kimya muda mrefu, nami nikakaa kimya nao. (Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwalimu: kulijua jibu na kufunga mdomo.) Mwishowe mmoja akakunja kipande cha kadibodi katikati. Rampu ikawa na mikondo miwili ya mita 2.7, ikiwa na jukwaa la kugeukia katikati. Jukwaa likapewa mita 1.2 kila upande kwa sababu walikuwa wamepima kiti, gurudumu la mbele hadi la nyuma.

Kabla ya kukata ubao wowote tulichora rampu nzima ardhini kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, tukamwomba mzee aipite. Alipofika kwenye jukwaa akageuza, na ncha za viatu vyake zikavuka mstari. Kiti kilitosha, miguu haikutosha. Akawatazama, akasema, "Hapa ningegonga ukuta kwa vidole." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chaki ikafutwa, jukwaa likawa mita 1.5. Kosa hilo lilitugharimu dakika kumi na kipande cha chaki. Kwenye mbao zilizokwisha kupigiliwa lingekula wiki nzima.

Tangu hapo chaki ni lazima kwa kila mradi unaokaa ardhini.

Si kila kazi naikubali. Nyaya za umeme wa nyumbani, vifaa vya kitabibu na kitu chochote ambacho kikianguka kinaua haviwi mradi wa wanafunzi, au vinakuwa chini ya mhandisi anayeweka saini yake. Muhula mmoja timu ilisanifu kichanja cha mbao cha kubeba tangi la maji ya mvua. Uzito walioutumia kwenye hesabu ulikuwa wa tangi tupu. Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Kosa lilionekana mezani, wiki mbili kabla ya kununua mbao, na ninavyoona mimi ule ulikuwa muhula wenye mafanikio kuliko mingine, ingawa mwishowe tangi liliwekwa juu ya msingi wa zege na fundi mwenye uzoefu.

Kuhusu alama, wazazi huniuliza sana. Kifaa chenyewe kina sehemu ndogo. Alama nyingi ziko kwenye daftari la mradi: maswali waliyomwuliza mteja, michoro waliyoitupa na sababu ya kuitupa, vipimo na jina la aliyepima. Daftari lililo safi mno hunitia shaka. Mtu aliyefanya kazi kweli ana ukurasa wenye alama za gundi na hesabu iliyokatwa mara tatu.

Na kuna karatasi moja ambayo bila hiyo mradi hauhesabiwi kuwa umekabidhiwa. Inaandikwa kwa lugha ya mteja, haizidi ukurasa mmoja: nini kikaguliwe, kila baada ya muda gani, kwa kifaa gani, na kipuri kinapatikana wapi. Timu ya rampu iliandika kwamba bolti zikazwe kila baada ya miezi mitatu kwa spana namba 17. Mkutubi akauliza spana hiyo ataipata wapi. Hawakuwa wamefikiria. Wakanunua moja, wakaifunga kwa mnyororo mfupi chini ya jukwaa.

Muhula huu timu mpya imeanza kazi kwenye maktaba ileile, na zoezi lao la kwanza lilikuwa kukagua rampu ya waliowatangulia. Walirudi na orodha: bolti mbili zimelegea, mchanga uliobandikwa kuzuia utelezi umekwisha upande wa kulia tu, spana ipo. Niliwauliza kwa nini upande wa kulia tu. Wameomba wapewe hadi Alhamisi, wanataka kwanza kukaa pale asubuhi nzima waone watu wanavyopita.