Je, wajua kwa nini kitanda cha kamba kiliitwa "teremka tukaze"?

Jina lenyewe ni amri. Kamba zimelegea, katikati pamebonyea, na aliyejilaza anaambiwa ashuke ili wenzake wazivute: teremka, tukaze. Kwa kizazi cha bibi na babu zetu wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani Unguja na Pemba, hicho ndicho kilikuwa kitanda cha kwanza cha maharusi wengi. Nakianza nacho kwa sababu ukikifungua kipande kwa kipande unapata jibu la swali linalowasumbua vijana wa leo wanaotaka kuoa: watu wasio na mshahara wala mkopo walianzaje nyumba?

Mbao zake zilikuwa chache. Miguu minne iliitwa matendegu, mbao mbili za ubavuni mifumbati, na mbili za kichwani na miguuni vitakizo. Seremala aliziunganisha kwa kuchomeka ndimi za mbao kwenye matundu, akakabidhi fremu tupu. Kazi yake iliishia hapo, na fedha taslimu nayo iliishia hapo. Kilichobaki, yaani kukiwamba, kilifanywa nyumbani kwa kamba ambayo mtu hakuinunua dukani.

Kamba hiyo ilitokana na makumbi ya nazi. Wanawake wa vijiji kama Jambiani na Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, waliyafukia makumbi ufuoni, mahali ambapo bahari hujaa na kupwa, wakayazungushia mawe yasichukuliwe na maji, wakayaacha miezi kadhaa. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula ile nyama laini inayoshika nyuzi, na nyuzi zenyewe hubaki nzima kwa kuwa ni ngumu mno kuoza upesi. Kisha makumbi hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, huoshwa na kuanikwa. Hapo ndipo unapata usumba, ambao husokotwa viganjani uzi kwa uzi mpaka iwe kamba. Ni kamba ya jamii hiyohiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya zamani vya mwambao wa Lamu vilivyojengwa bila msumari. Kama ilistahimili bahari, kitanda kilikuwa kazi ndogo kwake.

Ila usumba una tabia moja: unavutika. Katani ukiivuta kwa nguvu hukatika kabla ya kurefuka sana; usumba hurefuka kwanza. Ndiyo maana haukatiki ovyo, na ndiyo maana pia kitanda hulegea. Uzito wa watu wawili kila usiku huzirefusha kamba kidogo kidogo mpaka mgongo unakaribia sakafu. Wala hapakuwa na haja ya fundi. Watu wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, walizivuta na kuzifunga upya, na usiku huo wakalala juu ya kitu kilichokaza kama ngoma. Kitanda cha namna hiyo hakikuwa na siku ya kuharibika moja kwa moja. Kamba ikichakaa, unaing'oa na kuwamba nyingine kwenye mbao zilezile.

Juu ya kamba ulikuja mkeka, na hapa ndipo ninapowavulia kofia akina bibi. Nyumba ya binti ilianza kutayarishwa kabla hajaposwa. Ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, ulianikwa juani mpaka ukawa mweupe, ukachanwa, mwingine ukachemshwa na rangi. Halafu ukasukwa ukili, ule utepe mrefu mwembamba, unaopimwa kwa pima. Kazi ya kusuka haihitaji meza wala macho muda wote. Mwanamke alisuka akipiga soga barazani, akibembeleza mtoto, akingoja wali ukauke. Ukili ulipotosha, ulishonwa upande kwa upande ukawa mkeka. Binti aliyeingia nyumbani kwake na mikeka ya kulalia, msala wa kuswalia na jamvi la kutandikia wageni alikuwa ameingia na miaka ya mikono yake, ya mama yake, na pengine ya shangazi watatu. Tukisema wazee walianza maisha "bila kitu" tunawakosea. Walianza na vitu vilivyolipiwa kwa muda.

Walioweza walitandika godoro la sufi. Matunda ya msufi yakikauka hupasuka na kumwaga nyuzi nyeupe nyepesi. Nyuzi hizo ni fupi na zinateleza, kwa hiyo hazisokoteki vizuri kuwa uzi wa nguo kama pamba. Lakini kila unyuzi una uwazi ndani uliojaa hewa, na umepakwa nta ya asili, ndiyo maana sufi haipendi maji na iliwahi hata kujazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Kwa godoro ilifaa sana. Watoto waliokota, wakubwa wakatoa mbegu, mfuko ukashonwa kwa kitambaa kigumu. Kwa muda mrefu kitambaa hicho kilikuwa marekani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, ikabaki na jina la nchi ilikotoka. Kasoro ya sufi ni kugandamana mabonge. Dawa yake ilikuwa kufumua godoro, kuanika sufi juani, kuichambua kwa fimbo na kuirudisha. Tahadhari yake kubwa ilikuwa kibatari, kwa kuwa sufi hushika moto haraka sana.

Sasa jikoni. Mbona maharusi wa zamani hawakuhitaji jiko kamili siku ya kwanza? Jibu liko kwenye mila. Wakati wa fungate, siku saba za mwanzo, chakula kilitoka kwa jamaa wa bibi harusi, tena kingi. Na katika familia nyingi za Waswahili mume ndiye aliyehamia kwa wakwe kwanza, kwa hiyo kinu, mbuzi ya kukunia nazi na mafiga vilikuwa vya mama mkwe, na vilitumika na wote. Mjini Lamu, kwa wenye uwezo, mila hii iliingia hata kwenye mawe: baba alimwongezea binti yake ghorofa juu ya nyumba yake, au akamjengea ng'ambo ya kichochoro na kuunganisha nyumba hizo kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia. Ukitembea Lamu leo ukapita chini ya wikio, inua macho. Juu yako palikuwa na njia ya binti kwenda kwa mama yake bila kutoka barabarani.

Walipojitenga, vyombo vilikuja kimoja kimoja. Chungu cha wali na cha mchuzi kutoka kwa wafinyanzi. Vifuu vya nazi vikawa kata ya kuchotea maji na upawa wa kupakulia. Kifumbu cha kukamulia tui kilisukwa, ufagio ukatoka kwenye njukuti za makuti, na makuti yenyewe yakaezeka paa. Hesabu vizuri utaona mnazi mmoja ulichangia nusu ya nyumba. Mafiga yalikuwa mawe matatu, na idadi hiyo ina sababu: kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde, ilhali cha miguu minne lazima kilinganishwe.

Mijini hesabu ilibadilika. Dar es Salaam wengi walianzia chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, ile yenye korido katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua wa nyuma wenye choo na jiko la wote. Pazia liligawa chumba: kitanda huku, wageni kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na bei ya mafuta kupanda, hata aliyekuwa na fedha hakupata cha kununua. Sabuni, sukari na kanga vilipangiwa foleni. Waliooana miaka ile waliokolewa na mafundi wa bati. Debe, ambalo kwanza lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni 4, yaani takriban lita 18, liligeuzwa ndoo, jiko la mkaa, koroboi, hata mlango wa banda la kuku. Upatu nao ulifanya kazi ambayo benki haikuifanya: wanawake wa mtaa walichanga kila wiki au kila mwezi, zamu ya mmoja ikifika anabeba zote, na mama mwenye binti wa kuozwa aliomba zamu yake iangukie karibu na harusi.

Sitaki kuyapamba maisha hayo. Mzigo wa muda niliousifu uliangukia mabega ya wanawake, waliosimama ndani ya maji ya chumvi wakifukua makumbi na kuunguza vidole kwa rangi ya kuchemsha. Na kamba zile zilipendwa na kunguni. Kitanda kilitolewa uani, kikamwagiwa maji ya moto kwenye kila pachiko, kikaachwa juani kutwa nzima, na wiki chache baadaye kunguni wamerudi. Godoro la sponji na kitanda cha chaga viliposhuka bei, watu hawakusita, na nawaelewa.

Kwa wengi, hata hivyo, teremka tukaze kilikaa nyumbani mpaka mwisho. Katika nyumba za pwani za sakafu ya udongo, mtu akifariki, viliondolewa mkeka na godoro, kisha ukachimbwa ufuo chini ya kitanda, kijishimo cha kupokea maji. Maiti ikaoshwa juu ya kamba, maji yakapenya katikati yake na kuingia ardhini. Mara nyingi kitanda chenyewe kilikuwa kilekile ambacho marehemu alikikaza na mwenzake siku za fungate.