Anayeokota Kinyesi Hifadhini Anatafuta Nini?

Malalamiko kuhusu watafiti yanazidi kutufikia kutoka vijiji vinavyopakana na hifadhi: kwamba wanasaka madini, kwamba wanapima mipaka ili mashamba yachukuliwe. Si kweli. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado kamera za kunasa picha za wanyama zinang'olewa mitini.

Sensa ya mwaka 2018 ilikuta gorila wa milimani 459 katika msitu wa Bwindi, Uganda, pamoja na hifadhi jirani ya Sarambwe. Hawakuhesabiwa kwa kutazamwa. Timu zilipita msitu mzima mara mbili, zikaokota kinyesi penye viota walimolala, kisha maabara ikatambua kila mnyama kwa vinasaba vyake. Bila kazi hiyo tungekuwa tunakisia tu, na uhifadhi wa kukisia humaliza wanyama.

Faida haiishii kwa wanyama. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipata upele, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka na wenzake waligundua kuwa ugonjwa ulitoka kwa binadamu, pengine kupitia nguo kuukuu za vinyago vya kutishia wanyama mashambani. Ndiyo maana afya ya kaya jirani ni suala la hifadhi pia. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, baada ya kuingia kwenye pango la chatu, msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda. Watafiti ndio waliothibitisha kuwa popo wa humo wana virusi hivyo.

Sasa utaratibu. Mtafiti, Mganda au mgeni, huomba kibali Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), na ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori (UWA). Utafiti unaohusisha watu hupitiwa kwanza na kamati ya maadili. Sampuli za spishi zinazolindwa na mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, hazivuki mpaka bila kibali kingine. Barua ya chuo kikuu si kibali.

Kuingia hifadhini bila ruhusa ni kosa, hata ukitoka mikono mitupu. Kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini kutoweka, Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inaruhusu faini hadi shilingi bilioni 20, kifungo cha maisha, au vyote viwili.

Ukimtilia shaka mtafiti kijijini kwako, mwombe akuonyeshe vibali vyake. Asipokuwa navyo, mjulishe mhifadhi katika lango lililo karibu. Kamera iacheni mahali pake.