Hakuna Kibali cha Kuandamana, na Hakijawahi Kuhitajika

Juzi walikuja ofisini wachuuzi wa soko moja hapa Kampala, waliopandishiwa ushuru na mwekezaji aliyekodishwa soko lao, mabango yakiwa yamekwisha kuandikwa, na swali lao la kwanza likawa lile ninaloulizwa kila mara: "Wakili, kibali cha polisi tutakipata lini?"

Hamtakipata, kwa sababu hakipo. Ibara ya 29 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mtu uhuru wa kukusanyika na kuandamana pamoja na wenzake, kwa amani na bila silaha, wala haitaji sahihi ya ofisa yeyote. Kifungu cha Sheria ya Polisi kilichomruhusu Inspekta Jenerali kupiga marufuku mikusanyiko kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2008, katika shauri la Muwanga Kivumbi. Bunge lilipotunga sheria ya mikutano ya hadhara mwaka 2013, hata hiyo, kwa ukali wake wote, ilidai taarifa ya maandishi tu, itolewe kati ya siku 3 na 15 kabla ya tukio. Na kifungu chake cha 8, kilichompa ofisa uwezo wa kuzuia au kutawanya mkutano, mahakama ilikifuta mwaka 2020. Anayewaarifu majirani kwamba Jumamosi ana arusi hawaombi ruhusa ya kuoa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wateja wenyewe humwandikia ofisa "tunaomba kibali", wakampa mamlaka ya kukataa ambayo sheria haikumpa. Andikeni "tunakuarifu". Tajeni siku, saa, njia, idadi mnayoitarajia na madhumuni, pelekeni nakala mbili kwa mkono, na msiondoke kaunta kabla ya nakala yenu kugongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo haizuii pingu, kama walivyojionea vijana waliokamatwa Julai 2024 wakielekea Bungeni kupinga ufisadi, lakini wakili asiye nayo huingia mahakamani mikono mitupu.

Wengine hudai kwamba haki hii ni ya wanasiasa, na kwamba anayelalamikia kampuni aende akazungumze na meneja. Ibara ya 29 haichagui mada. Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kupewa kampuni ya sukari, na mpango huo ukawekwa kando. Siku hiyo pia watu waliuawa, na ndiyo maana humwambia kila mwandalizi kwamba mrusha mawe mmoja huwanyang'anya wote ngao ya neno "amani".

Kisha wapo wanaoamini kwamba Marekani mtu hulala bustanini apendavyo. Waliopiga kambi Zuccotti Park, New York, Septemba 2011, kupinga tamaa ya mabenki, waliondolewa na polisi Novemba 15, na siku hiyo hiyo jaji akakataa kuwaruhusu warudi na mahema yao.

Kuhusu kukamatwa: mtuhumiwa hufikishwa mahakamani ndani ya saa 48 asipoachiwa kabla, na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi moja. Wachuuzi wangu walikuwa wamekwisha kuichangia.