Glichi ni nini, na rekodi yake ni halali?

Juni ya Mbeya unaijua. Kwenye kibanda kimoja cha gemu nyuma ya soko la Mwanjelwa, vijana wanne waliovaa makoti walikuwa wamejazana kwenye simu moja, wakitazama jamaa akikimbiza gemu ya Super Mario 64. Mario akazipa ngazi mgongo, akaanza kurukaruka kinyumenyume palepale, mara akachomoka kama risasi na kupita mlango.

"Huyo kaiba!" akasema mwenye koti la bluu.

Mwenye kibanda, ambaye wote wanamwita braza, alikuwa anafunga pedi ya gemu kwa selotepu. Hakuinua hata kichwa. "Kaiba nini sasa? Kuna kitu kaongeza? Gemu ni ileile."

Ubishi uliendelea mpaka muda waliolipia ukaisha, na braza hakurudisha hata dakika moja.

Walichokuwa wanatazama kinaitwa spidirani: kumaliza gemu kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mchezaji anajirekodi video, anaiwasilisha, na wahakiki wanaikagua kabla ya jina lake kuingia kwenye orodha. Tovuti inayotunza orodha nyingi za aina hiyo, speedrun.com, ilianza mwaka 2014, ingawa mashindano yenyewe ni ya zamani zaidi. Glichi, kwa upande wake, ni kasoro iliyobaki ndani ya programu ya gemu. Mtengenezaji hakuikusudia, lakini ipo, na yeyote atakayetimiza masharti yake itamtokea.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya glichi na chiti. Kama ulikulia kwenye gemu ya San Andreas ya mwaka 2004, ulikuwa na daftari la chiti, na vidole vyako bado vinakumbuka kuanza na vitufe vya R1, R2, L1. Chiti imewekwa na watengenezaji wenyewe. Unabonyeza, unapewa silaha, basi. Kwenye kategoria za kawaida za spidirani chiti zimekatazwa. Glichi haikupi kitu bure. Unaitafuta, unaifanyia mazoezi, na siku ya siku inaweza kukukataa mara hamsini.

Turudi kwenye zile ngazi, maana ndipo hoja ilipo. Super Mario 64 ilitoka mwaka 1996 na ina nyota 120 za kukusanya. Kabla hujafikisha nyota 70, ngazi za kuelekea pambano la mwisho hazina mwisho: unapanda, unapanda, na gemu inakurudisha chini bila wewe kugundua. Sasa, kila mruko mrefu wa Mario unauzidisha mwendo wake kwa moja na nusu. Waandishi wa programu waliona hatari hiyo wakaweka kikomo, ila wakakiweka upande wa mbele tu. Kinyumenyume hakuna kikomo. Ukimgeuza Mario, ukabonyeza kitufe cha kuruka kila miguu yake inapogusa ngazi, haraka bila kukosea, mwendo unapanda na kupanda mpaka anavuka ule mtego kabla gemu haijawahi kumrudisha. Nilijaribu kwenye simu jioni tatu mfululizo. Kidole gumba kilivimba, na ngazi nilizipita mara moja tu, tena nikaangukia pembeni.

Nintendo, wenye gemu hiyo, waliiona. Toleo lililouzwa Japani mwaka 1997 likaziba mwanya huo, na wakimbiaji wakabaki na matoleo ya zamani. Kwa hiyo ukisema glichi haihesabiki kwa sababu mwenye gemu hakuikusudia, unajikuta unasema kwamba diski au kaseti iliyouzwa dukani si gemu halisi. Mimi hapo siwezi kukufuata.

Wachezaji wenyewe waliutatua ubishi huu zamani, kwa kugawa mashindano. Kuna kategoria ya nyota zote 120, inayochukua zaidi ya saa moja na nusu kwa mabingwa. Ya nyota 70 inachukua kama dakika 46, na humo kuzikwepa ngazi kwa ule mruko ni marufuku. Ya nyota 16 iko chini ya dakika 15, na ya nyota sifuri ni dakika 6 na kidogo. Gemu nyingi pia zina kategoria isiyoruhusu glichi kabisa, na hapo ndipo wahakiki wanapata kazi, kwa sababu lazima mtu aandike glichi ni ipi na mbinu ni ipi. Mario akiruka juu ya kichwa cha adui ili afike mbali, hiyo ni nini? Ukikaa na vijana wa Mwanjelwa mtakesha.

Hivyo "rekodi ya dunia ya Mario" ni maneno ambayo hayajakamilika. Kwenye Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mchezaji anayejiita Niftski alishuka chini ya dakika 4 na sekunde 55 mwaka 2021. Katika mkimbio huo alimpitisha Mario ndani ya kuta, akarukia nguzo ya mwisho wa hatua kwa namna inayozuia bendera kushuka ili asiisubiri, na hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa kategoria yake inaruhusu yote hayo.

Wizi upo, lakini ni kitu kingine. Todd Rogers alishikilia kwa miaka mingi rekodi ya sekunde 5.51 kwenye Dragster, gemu ya Atari, iliyohesabiwa tangu 1982. Hakuna glichi iliyotajwa humo. Watu walipoichambua programu yenyewe, wakakuta muda bora unaowezekana ni 5.57. Mwaka 2018 Twin Galaxies, watunza rekodi za gemu, wakaifuta. Yaani programu ileile inayobeba glichi ndiyo iliyotoa ushahidi. Kuchezea faili, kukata na kuunga video, kuibadili gemu kwa siri ili bahati ikuangukie wewe, hayo hayana kategoria. Hata kuinamisha kaseti kwenye mashine ili gemu ichanganyikiwe, sehemu nyingi hakukubaliki, kwa sababu pale hujacheza gemu, umecheza na vyuma.

Nakiri kuna mahali moyo wangu unagoma. Gemu ya Ocarina of Time ya mwaka 1998 ni safari ndefu, lakini mabingwa wanaimaliza chini ya dakika 4. Wanailazimisha kumbukumbu ya gemu isome data kama maagizo, na hata jina analoliandika mchezaji mwanzoni linaweza kuwa sehemu ya maagizo hayo. Ni akili ya ajabu. Inahesabika, bila shaka. Ila kuitazama ni kama kumwona fundi akifungua redio wakati wewe ulitaka muziki.

Wiki iliyofuata nilipita tena pale kibandani. Vijana walikuwa wamebandika karatasi ukutani: misheni ya treni ya San Andreas, saa ya simu, bila chiti, kupita ukutani ruksa. Mwenye koti la bluu ndiye aliyeiandika.

"Na ukifa ukaanza upya," mwenzake akauliza, "saa inaendelea au inarudi sifuri?"

Wote wakamgeukia braza. Naye akasema mwenye kufa anaongeza hela.