Boksi la king'ora ni volti 12 tu? Soma hii kabla hujapanda ngazi

Nafunga ving'ora vya wezi hapa Mbeya, kuanzia maduka ya Mwanjelwa mpaka nyumba za Forest na Uyole, na kila saiti lazima usikie mtu anasema aah hiyo ni volti 12, haina madhara, akimaanisha lile boksi la king'ora lenye taa linalofungwa juu ukutani nje. Waya unaopanda kutoka kwenye paneli (boksi la ndani linaloendesha mfumo mzima) ni volti 12 kweli, sibishi. Ila ukifungua mfuniko habari inabadilika, maana lile boksi linajitengenezea volti zake humo ndani.

Mkorofi mkuu ni taa ya flashi. Zile za zamani zina tyubu ya zenoni na tyubu haiwaki kwa volti 12, kwa hiyo kuna sakiti inapandisha mpaka kama 300 za DC inazijaza kwenye kapasita (kidude kinachotunza chaji ya umeme), halafu koili ndogo inarusha kilovolti kadhaa kuiamsha gesi. Ni sakiti ileile ya flashi za kamera za filamu, waliowahi kuzichokonoa wanajua zinavyong'ata. Na kapasita haijali kama umeme umekatika, TANESCO wakate mtaa mzima na betri uchomoe, chaji bado imekaa pale inakusubiri.

Kapasita ya maikrofaradi 22 kwenye volti 300 inabeba kama jouli 1. Hiyo mara nyingi haiui mtu mzima mwenye afya, inakustua tu, lakini wakati huo si uko juu ya ngazi mkono mmoja umeshika bisibisi? Kinachokuvunja ni zege la chini.

Spika ya pizo, ile inayotoa mlio, nayo ikilia inapewa volti nyingi kupitia katransfoma kadogo, ikinyamaza basi yameisha.

Kinachonitisha kuliko vyote wala si mambo ya ndani. Ni boksi la chuma lililofungwa na fundi wa haraka haraka, waya wa king'ora kaupitisha bomba moja na waya wa 230 wa taa ya nje, insulesheni ikichubuka boksi zima lina umeme, na mvua za Tukuyu mnazijua wenyewe, mikono imelowa ukuta umelowa. Mimi napima kwanza kati ya bati la boksi na ethi, ndo naligusa.

Halafu zima kupitia paneli, weka modi ya fundi, ile ya kufanyia matengenezo bila king'ora kulia. Ukikata waya tu, king'ora chenye betri yake ndani kitakulilia sikioni na utaruka. Ukishafungua chomoa hiyo betri, weka resista ya kiloomu 10 wati 5 kwenye miguu ya kapasita sekunde chache, hakikisha waya zake zimefunikwa vizuri, kisha pima kwa multimita. Usishoti na bisibisi bwana, cheche zile zinaua na bodi. (Na angalia nyigu, wanapenda sana kujenga humo.)

Kama unanunua jipya chukua la LED, halihitaji hizo volti 300, ila betri ya ndani na lile suala la bati viko palepale.